Sehemu ya Nne ya Bi Nywele

Zamani mzuka wa filamu ulikuwa na haya, hautoki mpaka watu wamekwisha kusahau kwamba walikuja kutishwa. Siku hizi unatokea hata kabla majina ya waigizaji hayajamaliza kupita, tena umejipaka rangi ya mdomo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema Sauti Saba kwa yeyote aliyekosea akasimama karibu naye, iwe kwenye foleni ya maji au kwa kinyozi, na kinyozi mwenye wembe mkononi na kichwa cha mtu mbele yake hana pa kukimbilia.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watazamaji wa ukumbi wa video wa shemeji yake, ambako kwa miaka ishirini na miwili alikalia kigoda kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, akiwasemea watu wa filamu za ng'ambo kwa Kiswahili. Sauti ya filamu ilipunguzwa mpaka ikawa kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili, kisha yeye ndiye bwana, ndiye bibi, ndiye mtoto, ndiye askari. Kusema kweli sauti zake zilikuwa tano. Mbili zilizobaki zilikuwa ya kikohozi na ya mlango usiotiwa mafuta, lakini hizo mbili ndizo zilizompa sifa.

Shule aliiacha darasa la nne, kwa sababu aliyoibadilisha kila alipoulizwa. Akaajiriwa kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi, na huko ndiko alikosomea. Kurasa zilizoharibika, zenye wino uliovuja au zilizochapwa kichwa chini, zilitupwa kapuni kwake, naye alizibeba nyumbani akazisoma zote. Kwa miaka sita alisoma vitabu vingi kuliko mwalimu mkuu aliyemfukuza, ila hakuna hata kimoja alichokisoma kizima. Cha mwandishi huyu alikuwa na ukurasa wa arobaini mpaka hamsini na sita. Cha yule alikuwa na mazishi bila kujua aliyekufa ni nani. Pengo lilipokuwepo, alilijaza mwenyewe. Siku moja aliazimwa kitabu kamili cha mojawapo ya hadithi hizo, akakisoma mpaka mwisho, akakifunga kwa hasira. Mwandishi alikuwa ameiharibu.

Kiwanda kilipofungwa alipata kazi ya kutunza stoo kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, kampuni iliyotoka Asia, akakaa nao miezi kumi na minne. Aliporudi alimkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, amefungua ukumbi na amepata sanduku zima la filamu za kutisha za huko Asia ambazo hakuna aliyezielewa.

"Shemeji, lugha ya wale watu si unaijua?"

"Kama maji," alijibu Sauti Saba.

Alijua maneno arobaini na moja. Alijua lami, kokoto, koleo, toroli, haraka, bado, simama hapo, na matusi mawili ambayo maana yake aliisoma usoni mwa aliyeyatoa. Kwa bahati mbaya, watu wa filamu za kutisha hawazungumzii sana kokoto. Tena haikuwa hata lugha ileile. Filamu zilitoka nchi ya jirani, jambo alilolitambua mwaka wa tatu akalimeza kimyakimya.

Katika sanduku hilo ndimo alimokuwemo Bi Nywele. Kasha lilikuwa na maandishi yasiyosomeka na picha ya mtungi mkubwa wa udongo unaotoka nywele, basi shemeji akaandika jina hilo kwa chaki kwenye ubao wa nje. Ilikuwa filamu ya watu waliolelewa wakaleleka. Nyumba ya wageni milimani. Uani, mtungi mrefu kuliko mtu, wenye kifuniko cha chuma. Mwanamke mwenyewe, aliyemo mtungini, hatoki. Unatoka unywele mmoja, unapita sakafuni, unapanda kitandani, unamzunguka mgeni kidole gumba cha mguu. Dakika kumi nzima watu wazima, wenye wake na watoto, walitazama unywele mmoja, na hakuna aliyetafuna kitu. Na kando ya mtungi alikaa bibi kizee mwenye nguo nyeusi, akifuta kifuniko kwa kitambaa, asiseme neno.

Huyo bibi kizee ni nani? Filamu, kama ilisema, ilisema kwa lugha yake. Sauti Saba alijifungia ukumbini asubuhi tatu za katikati ya wiki, akazima sauti kabisa, akatazama mikono. Aliamini kwamba mdomo ni wa kudanganyia na mkono ni wa kusema kweli. Mtu anayefuta kitu kisicho na vumbi, aliandika katika daftari lake, ana jambo. Asubuhi ya tatu akaandika maneno mawili: mama mkwe. Ndiye aliyemtumbukiza mke wa mwanawe mtungini, akafunga kifuniko, kisha akamwambia mwanawe kwamba mke katoroka.

Jumamosi alasiri, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani kuzuia jua, aliwamwagia watu habari hiyo kwa sauti ya bibi kizee, kavu kama ganda la yai. Kisha kutoka benchi la mbele:

"Mama mkwe! Si niliwaambia? Mnakula naye sahani moja na bado hamumjui!"

Aliyesema alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpana wa mabega, mjane. Kila mtu alimwita Fundi. Alikuja kila Jumamosi na kazi ya mkono, akipinda vitambaa gizani kwa kupapasa. Kwa Sauti Saba watu wengine wote walikuwa watazamaji. Fundi alikuwa mtihani. Hadithi ikichechemea, aliinamia nguo yake na sindano ikaendelea. Hadithi ikisimama, sindano nayo ilisimama hewani. Mkewe Sauti Saba alikufa mwaka ilipoingia sehemu ya pili, na tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani: Fundi amwamini, sindano isimame. Watu hutaka makubwa zaidi wakayakosa. Yeye alitaka hilo, na kwa miaka mingi alilipata.

Ila Fundi hakuwa akicheka na mambo ya wakwe. Mumewe alipokufa, mama mkwe wake alisimama mbele ya waombolezaji akamnyooshea kidole: "Huyu ndiye kammaliza mwanangu." Miaka mitano hawakusemezana. Bibi alikaa peke yake kwenye chumba cha kupanga ng'ambo ya mji. Fundi alikaa na cherehani yake upande huu.

Ndipo ikaja sehemu ya tatu. Karibu na mwisho, yule bibi kizee anapiga magoti mbele ya mtungi na kusema maneno marefu. Nywele zinatoka, zinamzunguka shingo, watu wanajua sasa basi, kwisha habari yake. Lakini hazimkazi. Zinalegea, zinarudi. Kisha kutoka mtungini sauti ya mwanamke, mara moja tu, fupi.

Sauti Saba aliitazama sehemu hiyo mara kumi na tisa. Siku yenyewe alimpa bibi kizee toba ya kutoa machozi kwa jiwe, na Bi Nywele, ambaye hakuwahi kusema tangu sehemu ya kwanza, akamjibu: "Mama, nimechoka kukuchukia. Inuka, sakafu ni baridi."

Sindano ilisimama, na siku hiyo haikushuka tena. Kesho yake Fundi aliazima mkokoteni, akaenda ng'ambo ya mji, akarudi na mama mkwe wake akitembea kando na kitanda chake kikiwa juu ya mkokoteni. Mtaa mzima ulijua sababu, isipokuwa yule bibi mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Tangu siku hiyo benchi la mbele likawa na watu wawili.

Wiki nzima Sauti Saba alitembea kama mtu mwenye viatu vipya. Lakini akiulizwa alisema, "Mimi mfasiri tu," kwa unyenyekevu uliojaa kiburi pomoni.

Kisha ikapita miaka saba bila sehemu ya nne, na katika miaka hiyo dunia ikapotea njia bila kuomba radhi. Kila mtu akapata skrini yake mfukoni, ndogo kama kipande cha sabuni, akawa anatishwa peke yake, kwa dakika mbili, huku anasubiri chakula kichemke. Mabenchi ya mbao yakatolewa, vikaletwa viti vya plastiki vinavyolia mtu akipumua. Ukumbi ukawa wa mpira, na mpira hauhitaji mfasiri, maana hata mjinga anaelewa mtu akikosa goli. Sauti Saba akabaki na Jumamosi moja kwa mwezi, watu tisa, kumi, pamoja na Fundi na mama mkwe wake, ambaye sasa macho yalikuwa yamefanya ukungu na alihitaji kusikia kuliko kuona.

Siku moja shemeji akamjia, uso umechangamka.

"Shemeji, sehemu ya nne imepatikana!"

Sauti Saba alilazimika kukaa. "Niletee. Asubuhi tatu zinanitosha."

"Sasa hapo ndipo penyewe." Shemeji alijikuna shingo. "Hii imekuja na maandishi ya Kiswahili chini. Kompyuta imefasiri yenyewe. Wewe njoo ukae tu, utazame kama mgeni wa heshima."

"Mgeni wa heshima ni yule anayepewa kiti halafu hapewi la kusema."

"Hivyohivyo!" alisema shemeji, ambaye mafumbo yalimpita kama upepo. "Umeelewa vizuri."

Siku hiyo ukumbi ulijaa kama zamani. Walikuja hata waliokwisha kuhama mtaa, hata watu ambao walikuwa wachanga mgongoni wakati wa sehemu ya kwanza. Sauti Saba alikuja mapema, akakaa kigodani pake, kipaza sauti kimezimwa na kulazwa juu ya mapaja yake kama kitu kilichofariki. Fundi alikaa mbele na kumwekea mama mkwe wake mto mgongoni.

"Mzee, leo husemi?" alimuuliza.

"Leo inasema kompyuta."

"Haya. Basi mama, nitakusomea mimi."

Filamu ikaanza, na dakika ya pili, mchana kweupe, katikati ya duka kubwa, mbele ya jokofu la maziwa, akatokea Bi Nywele. Mzimamzima, kuanzia unyayo mpaka utosi. Midomo myekundu. Akacheka. Chini yakapita maandishi, naye Fundi akasoma: "'Wewe sasa kufa na mimi furaha.'"

"Nani kasema hivyo?" aliuliza mama mkwe.

"Bi Nywele, mama."

"Anaumwa?"

Ukumbi ukaguna. Ikawa ndiyo mwanzo. Wakaja vijana sita wakimkimbia huku wamenyanyua simu wampige picha, na maandishi yakawahimiza: "Nenda mbali mguu wako." Akaja profesa mwenye ubao na mishale, akaeleza kwa robo saa kwamba mtungi si mmoja, ipo sabini, na kila mmoja una mzuka wake, imepangwa ghalani kama chupa za soda. Akaja askari kijana, akampenda Bi Nywele. Akampeleka saluni. Akanyolewa.

"Kanyoa!" mtu alipiga kelele nyuma. "Bi Nywele kanyoa!"

"Sasa tumwiteje? Bi Upara?"

"Huyo mzuka au mtangazaji wa sabuni?"

"Askari naye hana hata woga, kamshika kiuno."

"Ana woga gani, mzuka wenyewe umejipulizia manukato."

Sauti Saba gizani alikuwa akifurahi mpaka aibu. Kila mguno ulimwongezea siku ya kuishi. Alitamani filamu izidi kuwa mbaya, na filamu haikumwangusha. Askari alipoanza kuimba, aliuma ngumi asicheke. Sasa mmeona, alisema moyoni, sasa mmeona kilichokuwa kinakosekana.

Halafu skrini ikafifia, ikaingia kumbukumbu. Ua. Usiku wa filamu. Mtungi mmoja tu. Yule bibi kizee wa nguo nyeusi akapiga magoti, na ukumbi wote ukanyamaza kwa pamoja, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya tatu ileile, pumzi kwa pumzi, na hakuna pale asiyejua kinachofuata. Mama mkwe wa Fundi alijisogeza mbele. "Nimepajua hapa," alisema. "Soma, mwanangu."

Fundi akasoma, mwanzo kwa sauti kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. "'Mimi mtumishi wa nyumba wageni. Ufunguo ya kifuniko ulipotea katika mfuko. Mimi naomba samahani kwa usumbufu.'"

Nywele zikatoka, zikazunguka, zikalegea. Sauti fupi ikatoka mtungini.

"Na yeye kamjibuje?" aliuliza mama mkwe.

Fundi akanong'ona: "'Hakuna shida.'"

Vurugu iliyofuata iliwafanya hata wauza duka wa nje wachungulie. Watu walisimama juu ya viti. Wamemgeuza mama mkwe mtumishi! Wamefuta toba yote! Shemeji, aliyeona ukumbi wake unaelekea kubomolewa, alisimamisha filamu, akainua mikono.

"Jamani, kosa si langu! Zile tatu ziliandikwa na mtu mwenye kichwa. Profesa kabisa, nakwambieni. Inaonekana kafa, hii wamempa mpwa wake."

"Kweli," mtu akaitikia. "Yule wa kwanza alikuwa na akili."

"Alikuwa anawajua binadamu."

Na Fundi, aliyekuwa amesimama pamoja na wengine, akasema polepole: "Aliyeandika yale maneno ya sehemu ya tatu, popote alipo, Mungu amzidishie."

Ilibaki kuitikia amina. Sauti Saba alikuwa na mlango wa kutokea mpana kama wa ghala: mfasiri mwaminifu wa mwandishi mkubwa, aliyetapeliwa pamoja na watu wake. Angeitikia kwa kichwa, wangemwomba awashe kipaza sauti aokoe kilichobaki, na kompyuta ingerudi ilikotoka. Lakini alikuwa amekalia kigoda kile miaka ishirini na miwili, na sasa sifa zake zilikuwa zikipita mbele ya macho yake kwenda kwa mtu asiyekuwepo.

Akawasha kipaza sauti.

"Si popote," alisema. "Yuko hapa."

Wakageuka.

"Hakuna profesa. Wale watu wenu mmeona leo walichonacho kichwani: mitungi sabini. Mama mkwe ni wangu. Toba ni yangu. Lugha yao mimi siijui. Najua kokoto."

"Unajua nini?"

"Kokoto. Na lami."

Mmoja akaanza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo," alisema shemeji kwa sauti ya mtu aliyekanyaga moto, "ulikuwa unatupiga chuku?"

"Nilikuwa nawapa filamu."

Fundi alimsogelea. "'Inuka, sakafu ni baridi'?"

"Yangu," alisema Sauti Saba. "Niliyaandika Jumatano asubuhi, pale lilipokuwa benchi la tatu." Akangoja. Aibu kusema, lakini alikuwa akingoja makofi.

"Nimekwenda na mkokoteni mpaka ng'ambo ya mji," alisema Fundi, "kwa maneno ya mkata karatasi, ya Jumatano?"

"Mkokoteni upi?" aliuliza mama mkwe kutoka kitini. "Nauliza, mkokoteni upi? Ule wa kitanda changu?"

"Mama, twende nyumbani."

"Ulinifuata kwa sababu ya filamu?"

"Si hivyo, mama."

"Mimi nilidhani umenikumbuka."

Alijiinua mwenyewe, akakataa mkono wa Fundi, akapapasa viti kimoja kimoja mpaka mlangoni. Fundi akafuata nyuma na mto. Shemeji, kwa kukosa la kufanya, aliiachia filamu iendelee, na askari akamaliza wimbo wake mbele ya watu waliokuwa wanatafuta viatu.

"Kunyamaza!" shemeji alimwambia Sauti Saba baadaye, wakipanga viti. "Ulitakiwa kunyamaza tu, shemeji! Kuna kazi nyepesi kuliko hiyo? Hata maiti anaiweza!"

Mtaani sasa walimwita Profesa, na hawakuwa wakimsifu. Wengine walitaka waoneshwe upya zile tatu ili wahesabu uongo. Hayo aliyabeba. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa habari aliyoipata kwa jirani wa Fundi: wale wawili wanaishi chumba kimoja lakini kila mmoja anapika chungu chake, na bibi ameanza kuulizia chumba chake cha zamani kama kina mpangaji.

Basi akarudi kwenye daftari. Asubuhi tatu, kama desturi, aliandika na kufuta. Asubuhi ya nne alichukua suruali yenye pindo zima kabisa, akaifumua mwenyewe, akaitia kwapani, akaenda.

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa barabarani, vitambaa vimerundikwa mpaka darini. Fundi alikuwa kwenye cherehani. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka upande wa pili, mgongo umegeuka, anachagua vifungo kwa vidole.

"Suruali," alisema Sauti Saba.

"Weka hapo. Ijumaa." Hakumwita mzee wala baba.

Hakuondoka. Alikohoa, na kikohozi kikatoka kile cha skrini, kizuri mno kwa shughuli ile.

"Nimekuja kukiri," alisema. "Siku ile nilisema uongo. Husuda ilinipanda kichwani. Maneno yale yalikuwa yao, neno kwa neno. Mimi mfasiri tu. Hii ya nne ndiyo wameichezea. Kwa hiyo, Fundi, hukwenda kwa maneno yangu. Na wewe mama, hukufuatwa kwa uzushi wa mtu. Ulikuwa ujumbe mkubwa, wa msomi."

Alikuwa ametoa mhanga kitu pekee alichowahi kukitunga duniani. Alisimama pale, mkono kifuani, akisubiri kipokelewe.

Mama mkwe aliweka vifungo chini. "Lugha yao unaijua?"

"Kama maji, mama."

"Hebu sema basi. Hayo ya sakafu ni baridi. Kwa lugha yao."

Kule kwenye daftari hakuwa ameandika kitu kwa ajili ya swali hilo. Alifumba macho, akatafuta katika maneno arobaini na moja, na kwa sauti ya majonzi, sauti iliyowahi kuliza ukumbi mzima, akasema kwa lugha ya wajenzi wa barabara: leteni kokoto, haraka.

Bibi aliinamisha kichwa kama anayeonja chumvi.

"Mwanangu," alisema hatimaye, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia Fundi tangu asubuhi, "yule wa kwenye mtungi sauti yake ilikuwa ya mtu anayesamehe. Huyu anaagiza mzigo."

Fundi aliuma midomo.

"Halafu mkono kaweka kifuani," aliendelea bibi, "nasikia sauti inatokea chini ya kiganja. Mara ya kwanza kasema kweli, mara ya pili kasema uongo kwamba ile kweli ilikuwa uongo. Huyu naye katuletea sehemu ya nne."

"Mama!"

"Bado kunyoa tu."

Hapo Fundi aliachia. Alicheka kicheko cha kutoka tumboni, akakiinamia cherehani, akajaribu kuomba radhi akashindwa. Bibi naye, aliyekuwa amejikaza kisabuni, akapasuka. Walicheka kama watu waliokuwa wamefungiwa kitu kwa majuma mawili.

"Mzee," Fundi alisema akihema, anajifuta macho kwa suruali ya mteja, "nenda. Nakuomba, nenda, huyu mama ataniua."

"Kwa hiyo mmenielewa?" aliuliza Sauti Saba.

Ndiyo kwanza wakazidi.

Alitoka. Uso ulikuwa unamwaka moto. Miaka ishirini na miwili aliwatisha, akawaliza, akawanyamazisha, hakuwahi kuchekwa. Alikuwa amekuja kuwapa heshima ya maisha yake yote, nao hawakuitaka hata bure. Alivuka barabara, akasimama, akageuka mara moja tu kutazama kupitia lile dirisha. Fundi alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani, mabega yanamtikisika. Mama mkwe wake alikuwa amevuka chumba kwa kupapasa na sasa anampigapiga mgongoni, huku mwenyewe kafumba macho, mdomo uko wazi, anasema jambo ambalo kutoka ng'ambo ya barabara halikusikika. Jumatano, kabla ya ile Ijumaa ya suruali, walihamia wote wawili mji mwingine kwa ndugu wa Fundi, vyombo vyao vyote pamoja, suruali ikaachwa kwa mwenye duka la jirani imepindwa vizuri, naye hakuwaona tena.